Babu Muungwana wa Kiingereza Haonekani: Utatuzi wa Matatizo katika Rejista za Parokia, Wosia na Mafaili ya Mahakama

Mwongozo huu ni wa anayemfuatilia babu wa tabaka la waungwana wa Uingereza, wale ambao majina yao kwenye nyaraka hufuatwa na "gent." au "esq.", kati ya mwaka 1538 na 1837. Mwaka wa kwanza ndipo Thomas Cromwell alipoamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Wa pili ndipo usajili wa serikali ulipoanza, tarehe 1 Julai. Matatizo yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ya nadra iko mwisho. Maliza ukaguzi rahisi kabla ya kulipia nakala yoyote.

Kabla ya yote, lishike hili: jina na tarehe kulingana hakujathibitisha baba. Kinachothibitisha ni hati inayomtaja mtoto pamoja na baba yake na mali iliyopita mikononi mwao, iwe shamba, nyumba au deni. Waungwana waliacha karatasi nyingi kwa sababu walikuwa na ardhi ya kugombania. Ukipotewa na mtu, ifuate ardhi.

Dalili ya 1: Ubatizo hauonekani katika parokia ya familia

Mara nyingi ubatizo upo, ila faharasa ya mtandaoni imekosea. Karani wa karne ya 16 aliandika F kubwa kama "ff", na anayenakili leo huweza kuisoma kama herufi nyingine kabisa. Majina nayo huandikwa kwa Kilatini: Jacobus ni James, Egidius ni Giles, Radulphus ni Ralph, Galfridus ni Geoffrey. Acha faharasa, fungua picha za rejista yenyewe, usome ukurasa kwa ukurasa miaka 5 kabla na 5 baada ya mwaka unaoutarajia. Kwa parokia ndogo ni kazi ya jioni moja. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina picha nyingi bila malipo, na zisizokuwepo huko ziulizie kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti husika.

Sababu ya pili ni mama kwenda kujifungulia kwao, hasa mtoto wa kwanza. Desturi hiyo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa huku kwetu. Mtoto akabatizwa parokia ya babu mzaa mama, pengine kaunti nyingine. Tafuta kwanza ndoa ya wazazi, kwani kwa kawaida ilifungwa kwao bibi harusi, na parokia hiyo ndiyo ya kuangalia.

Sababu ya tatu ni London. Familia zenye uwezo zilikaa mjini sehemu ya mwaka, na watoto wao wamo kwenye rejista za parokia kama St Martin-in-the-Fields na, baada ya kujengwa, St James's Piccadilly.

Ya nne ni pengo la rejista. Mwaka 1598 parokia ziliamriwa kunakili madaftari yao ya zamani ya karatasi kwenye ngozi, hasa kuanzia mwanzo wa utawala wa Elizabeth. Nyingi zikaanzia hapo tu, yaani 1558, na miaka 20 ya awali ikapotea. Pengo kubwa zaidi ni la 1642 hadi 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, ambapo makasisi walifukuzwa na vitabu vikaachwa wazi au kufichwa. Kuanzia 1598 kila parokia ilipaswa kumpelekea askofu nakala ya mwaka mzima. Nakala hizo za askofu mara nyingi zimesalia pale ambapo rejista imeliwa na unyevu, ingawa nazo huwa haba katika miaka ileile ya vita. Pale ambapo vyote viwili vipo, soma vyote, kwani hutofautiana, na wakati mwingine ni nakala peke yake inayotaja jina la mama.

Ya mwisho: familia ilibaki Katoliki. Ukiona ndoa na ubatizo vimekosekana kwa vizazi viwili huku maziko yakiendelea kanisani, angalia orodha za waliotozwa faini kwa kutohudhuria ibada. Ziko fungu E 377 katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London (namba zote za namna hii hapa chini ni za mafungu ya hifadhi hiyo).

Dalili ya 2: Tarehe zinapingana

Mtoto amebatizwa kabla ya wazazi kuoana, au wosia umethibitishwa kabla haujaandikwa. Usimtangaze mtoto wa nje ya ndoa bado. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Tuseme rejista inaonyesha ndoa tarehe 3 Mei 1641 na ubatizo tarehe 10 Februari 1641. Kwenye ukurasa Mei iko juu na Februari iko chini, kwa kuwa Februari ilikuwa mwishoni mwa mwaka. Kwa hesabu yetu ubatizo ni Februari 1642, miezi 9 na siku 7 baada ya harusi. Iandike 1641/2, kila msomaji atakuelewa.

Hatari ni kusahihisha mara mbili. Baadhi ya nakala zilizopigwa chapa zimeshabadilisha mwaka bila kusema. Angalia Januari imewekwa wapi: ikiwa inaanza mwaka, mhariri ameshabadilisha, na wewe usiongeze tena.

Kwenye nyaraka za mahakama tarehe huhesabiwa kwa mwaka wa utawala. Elizabeth wa Kwanza alianza kutawala tarehe 17 Novemba 1558, kwa hiyo mwaka wake wa 30 unaanzia 17 Novemba 1587 hadi 16 Novemba 1588, na "20 Januari mwaka wa 30" ni Januari 1588 kwa hesabu yetu. Charles II ni mtego wa peke yake. Alihesabu utawala wake tangu baba yake alipouawa tarehe 30 Januari 1649, hivyo alipoingia London mwaka 1660 tayari ulikuwa mwaka wake wa 12. Hakuna hati ya Kiingereza ya mwaka wake wa kwanza hadi wa 11 unayopaswa kuitegemea kuiona katika mafaili ya kawaida ya mahakama. Ukiipata nakala yenye tarehe hiyo, shuku msomaji wake kwanza.

Dalili ya 3: Wanaume wawili au watatu wenye jina moja, parokia moja, wakati mmoja

Hapa ndipo nasaba nyingi zinapoharibika, kwa hiyo usiharakishe. Familia ya kiungwana ilirudia majina: babu Richard, baba Richard, ami Richard, na binamu Richard wa nyumba ya pili. Anayejenga shajara ya ukoo mtandaoni humchukua Richard wa kwanza aliyebatizwa mwaka unaofaa, na kazi imekwisha. Huenda mtoto huyo alizikwa akiwa na wiki mbili.

Anza na maziko. Kwa kila ubatizo unaokuvutia, soma maziko ya miaka 10 inayofuata. Kisha angalia kama jina limerudiwa kwa ndugu mdogo, maana hiyo ni ishara kwamba wa kwanza alikufa, ingawa kuna familia zilizowapa watoto wawili walio hai jina moja.

Pili, usizitegemee alama za mkubwa na mdogo. "Senior" na "junior" zilitenganisha watu wawili wa jina moja mahali pamoja, na haikulazimu wawe baba na mwana. Mkubwa akifa, mdogo hupanda cheo na kuwa "senior" bila kubadilisha chochote kingine.

Tatu, tengeneza jedwali. Kila tukio liwe mstari wake: tarehe, jina, cheo, makazi, mke, ardhi, sahihi au alama, na namba ya hati. Cheo hubadilika. Mtu huweza kuitwa "yeoman" (mkulima mwenye ardhi, chini ya muungwana) na jirani, "gent." kwenye wosia wake mwenyewe, na "Mr" kwenye rejista. Ardhi haibadiliki upesi hivyo. Richard mwenye kinu na Richard mwenye shamba la kando ya mto wataanza kutengana wenyewe kwenye jedwali.

Baada ya hapo, tumia orodha zinazowahesabu wanaume wote kwa pamoja. Orodha za kiapo cha Bunge za 1641 na 1642 ziliwataka wanaume wote wa miaka 18 na zaidi. Ukiwakuta akina Richard watatu kwenye orodha moja, umejua idadi. Kodi ya majiko ilitozwa kati ya 1662 na 1689, na orodha zake ziko E 179. Mwenye majiko 9 na mwenye jiko 1 si mtu mmoja.

Kama bado wamegandana, linganisha sahihi, lakini zichukue mahali sahihi. Wosia uliomo PROB 11, vitabu vya mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury, ni nakala ya karani, na "sahihi" iliyomo humo imeandikwa na mkono wa karani. Sahihi halisi iko kwenye wosia wa asili, PROB 10, au kwenye hati ya dhamana ya leseni ya ndoa. Kwa ndoa za kuanzia 25 Machi 1754, wanandoa na mashahidi walitia sahihi kwenye rejista yenyewe.

Ushahidi wa baba ukikosekana kabisa parokiani, nenda kwenye shule za sheria za London. Vitabu vya kupokelea wanafunzi vya Inner Temple, Middle Temple, Gray's Inn na Lincoln's Inn huandika kijana ni mwana wa nani wa wapi, na kama ndiye mrithi au ni wa pili au wa tatu. Mstari mmoja wa namna hiyo una uzito kuliko ubatizo kumi unaolingana kwa jina tu. Kwa vijana wadogo wa familia waliopelekwa kujifunza biashara, tazama vitabu vya kodi ya uanagenzi vya 1710 hadi 1811, IR 1.

Usiendelee na kizazi kinachofuata hadi akina Richard hawa watengane. Kosa moja hapa linakupa mababu wa watu wengine hadi juu.

Dalili ya 4: Wosia haupatikani

Kosa la kawaida ni kutafuta kwenye mahakama isiyo yake. Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, na zilikuwa nyingi: za shemasi mkuu, za askofu, za maeneo yenye mamlaka yake yenyewe, na juu yao zile mbili za maaskofu wakuu, Canterbury na York. Mwenye mali ya kuanzia pauni 5 katika dayosisi zaidi ya moja alipaswa kwenda kwa askofu mkuu. Waungwana wengi walikwenda Canterbury hata pale ambapo hawakulazimika, kwa heshima na kwa usalama wa kumbukumbu. Kwa hiyo utaratibu ni huu: tafuta kwanza PROB 11 (1384 hadi 1858) kwenye katalogi ya Kew, halafu York ikiwa familia ni ya kaskazini (kumbukumbu zake ziko Borthwick Institute, York), kisha mahakama za chini katika kaunti.

Kumbuka tofauti moja: kati ya 1653 na 1660 kulikuwa na mahakama moja tu ya kiraia ya wosia kwa Uingereza na Wales nzima, na kumbukumbu zake zimo humohumo PROB 11. Katika miaka hiyo usitafute kwingine.

Sababu ya pili ni kwamba hakuacha wosia. Angalia hati za usimamizi wa mirathi, PROB 6, kuanzia 1559. Ni fupi, lakini humtaja mjane au ndugu aliyekabidhiwa.

Ya tatu: ulithibitishwa baadaye sana. Mjane huweza kukaa na mali miaka 20 kabla ya mtu kuona haja ya kwenda mahakamani. Panua utafutaji wako hadi miaka 30 baada ya maziko. Kwa mwanamke aliyeolewa usishangae kukosa, kwani hadi sheria ya 1882 alihitaji ridhaa ya mume kuandika wosia. Tafuta wosia wa wajane na wa wanawake wasioolewa, ambao huwataja ndugu na watoto wa ndugu kwa wingi kuliko wanaume.

Ya nne, wosia umeteketea. Kumbukumbu za mirathi za Devon ziliungua Exeter katika mashambulizi ya mabomu ya 1942. Zilizopitia Canterbury zimesalia, na nakala za 1812 hadi 1857 zilizotengenezwa kwa ajili ya kodi ya mirathi zipo pia.

Dalili ya 5: Wosia umepatikana, lakini mtoto wa kwanza hayumo, au udugu haueleweki

Mtoto wa kwanza kutotajwa si dalili ya ugomvi. Ardhi kuu ilikuwa imeshafungwa kwake kwa hati ya makubaliano ya ndoa, na baba hakuwa na la kuiandikia. Wosia uliwashughulikia wale ambao bado hawajapewa: mabinti na mahari yao, wadogo na fungu lao la fedha. Shilingi moja au pete kwa mwana mkubwa kwa kawaida humaanisha kwamba ameshapata chake. Tafuta hati za ardhi za familia katika ofisi ya kaunti, na hati za kuhamisha ardhi kwa kesi ya kubuni ("feet of fines") katika CP 25. Kent ni pekee. Huko ardhi nyingi iligawanywa sawa kwa wana wote, kwa hiyo usitegemee kumwona mrithi mmoja.

Sasa maneno ya udugu, na hapa Mswahili ana faida. Anayejua kwamba "ndugu" ni neno pana hatatishwa na "cousin" ya mwaka 1600: inaweza kuwa mpwa, binamu, au jamaa wa mbali tu. "Brother" huweza kuwa shemeji. "Son-in-law" huweza kuwa mtoto wa kambo. "Nephew" katika hati za zamani huweza kuwa mjukuu, kama ilivyo "nepos" ya Kilatini. Na "my now wife" haithibitishi kwamba kulikuwa na mke kabla yake. Wakili aliiweka ili mke wa baadaye asije akadai fungu la huyu.

Dawa yake ni kukusanya wosia wa watu wote wanaotajwa: wasimamizi, mashahidi, wakwe. Chora kila wosia peke yake kwenye karatasi, na mstari wa uhakika tu. Ukishapata wosia 6 au 7, weka karatasi pamoja. Neno "brother" kwenye mmoja na jina la ukoo wa mke kwenye mwingine vitajibizana.

Dalili ya 6: Kesi ya Chancery haipatikani, au imepatikana bila mwisho

Chancery, mahakama iliyoamua migogoro ya ardhi, mirathi na amana kwa misingi ya haki, ina thamani kubwa kwa sababu hati zake za madai ziko kwa Kiingereza hata wakati mahakama za sheria ya kawaida ziliandika Kilatini, hadi 1733. Mdai hueleza babu alinunua nini, nani alimwoa nani, na nani alikufa lini. Jina la babu yako lisipotokea, sababu ya kwanza ni kwamba orodha nyingi za zamani zina jina la mdai wa kwanza na mdaiwa wa kwanza tu. Tafuta kwa majina ya waume wa dada zake, wasimamizi wa wosia na jirani aliyegombana naye mpaka. Tafuta pia kwa jina la kijiji. Mgawanyo wa mafungu: C 1 hadi 1558, C 2 na C 3 baada yake, C 5 hadi C 10 kwa karne ya 17, C 11 kwa 1714 hadi 1758, C 12 hadi 1800.

Madai bila majibu ni kawaida. Majibu, maelezo ya mashahidi na amri vilihifadhiwa mbalimbali. Amri ziko C 33, kuanzia 1544, na picha zake nyingi zinasomwa bila malipo kwenye tovuti ya AALT ya Chuo Kikuu cha Houston. Mashahidi wa mikoani wako C 21 na C 22, wa London C 24. Usiache mashahidi. Kila mmoja huanza na jina, makazi, cheo na umri, kama "muungwana, umri miaka 54 au karibu na hapo", halafu anaeleza anavyoifahamu familia. Umri huo ni wa kukadiria, ongeza au punguza miaka 5.

Onyo juu ya kuamini madai: mdai karibu kila mara husema hati zake "zimeanguka mikononi mwa" mdaiwa. Hayo ni maneno ya kisheria ya kuipa mahakama mamlaka, si habari ya wizi. Amini zaidi yale ambayo pande zote mbili zinakubaliana, na kwa kawaida nasaba ni mojawapo.

Kabla ya 1660, kama mzee alishika ardhi moja kwa moja kutoka kwa Mfalme, kifo chake kilifanyiwa uchunguzi wa kiserikali uliotaja tarehe ya kifo, ardhi, na mrithi na umri wake. Nakala ziko C 142, E 150 na WARD 7. Ile ya C 142 ikiwa imefutika, jaribu WARD 7, ambayo mara nyingi iko katika hali nzuri zaidi. "Miaka 21 na zaidi" maana yake ni kwamba mrithi ameshatimiza umri tu, naye huweza kuwa na 40.

Dalili ya 7: Shajara ya ukoo iliyochapishwa inapinga nyaraka

Watunza nembo za koo ("heralds") walizunguka kaunti kati ya 1530 na 1688 wakiandika nasaba za wenye haki ya nembo. Kizazi cha mtoa habari, baba yake na babu yake kwa kawaida ni sahihi. Juu ya hapo ni masimulizi, na wakati mwingine ni tamaa ya kufika kwa wenzake William wa Normandy, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Matoleo mengi yaliyochapishwa yalitoka kwenye nakala zilizoongezewa na watu wa baadaye, si kwenye asili iliyoko College of Arms, ofisi ya watunza nembo hao, London. Hati ya wakati wenyewe ikipinga, ishike hati.

Wapi pa kusimama na kumwita mtaalamu

Usipoweza kusoma mistari mitatu mfululizo ya mwandiko wa makarani, ambamo "c" hufanana na "r" na "h" hushuka chini ya mstari, usikisie. Lipia usomaji wa ukurasa huo, kwani neno moja lililokisiwa huweza kumgeuza mkwe kuwa mwana. Vivyo hivyo kwa Kilatini kilichofupishwa.

Hati ikiwa na alama kwamba haifai kutolewa, iache mikononi mwa wahifadhi. Usikunjue ngozi iliyokauka na usiilowanishe kwa kitu chochote. Wasomaji wa zamani walipaka dawa ili kuufufua wino, na leo sehemu hizo ni madoa ya kahawia yasiyosomeka kabisa.

Haki ya kutumia nembo ni jambo la College of Arms peke yake. Wauzaji wa "nembo ya ukoo wako" hawana mamlaka hayo. Na yeyote anayekuambia kuna mali ya babu imelala Chancery inakusubiri, ila ulipie ada kwanza, mkatie mawasiliano. Ulaghai huo ni wa tangu karne ya 19.

Mtafiti wa kulipwa mtafute kupitia AGRA, chama cha wataalamu wa nasaba na nyaraka kilichoanzishwa 1968. Mpelekee jedwali lako, namba za hati ulizokwisha kusoma pamoja na zile ambazo hukupata kitu, swali moja tu lililo wazi, na kikomo cha saa. Bila orodha ya ulikokwisha kupita, saa zake za kwanza zitakwenda kwenye rejista ulizokwisha kuzimaliza.